Paddy Chayefsky na Altered States: mkataba ulilinda kila neno, filamu bado ikamponyoka. Tatizo lilikuwa wapi?

#1 KalamuKavu
Wakuu, salamu. Naweka dai, mnirarue.

Paddy Chayefsky ndiye mwandishi pekee aliyechukua Oscar tatu za skripti akiwa peke yake kwenye karatasi: Marty (1955), The Hospital (1971) na Network (1976). Huyo huyo aliandika tamthilia zilizopanda Broadway, yale majumba makubwa ya tamthilia ya New York, na riwaya moja tu, Altered States, iliyotoka 1978. Skripti ya riwaya hiyo akaiandika mwenyewe, na mkataba ukakataza mtu yeyote kubadili maongezi bila idhini yake. Filamu ikatoka Krismasi ya 1980. Maongezi yake yamo karibu yote. Jina lake halimo. Pale pa mwandishi pameandikwa "Sidney Aaron".

Ninachosema ni kwamba kosa lilikuwa kwenye mkataba. Alilinda maneno akasahau kasi. Mwongozaji Ken Russell hakuhitaji kufuta sentensi. Aliwaacha waigizaji wazitamke mbiombio, midomo imejaa chakula, mmoja anaanza mwenzake hajamaliza. Kisheria hakuna neno lililoguswa. Masikioni hakuna lililobaki.

Mnasemaje?

#2 Chogo
Mkuu umeanzia makaburini. Kuna watu humu ndiyo kwanza wanalisikia hilo jina. Weka wasifu japo mistari mitano ndipo tugombane.

#3 BiTungo
Chogo, huu hapa, ila mitano haitoshi.

Alizaliwa Bronx, New York, tarehe 29 Januari 1923. Jina kamili Sidney Aaron Chayefsky, kwa hiyo hilo jina la kwenye filamu ni majina yake mwenyewe mawili ya kwanza. Shikeni hapo, tutaparudia. Alimaliza City College 1943, akaingizwa jeshini. "Paddy" ni jina la utani la Waayalandi: aliomba aondolewe zamu ya jikoni ili aende misa ya Kikatoliki, na ofisa aliyejua fika kwamba huyu ni Myahudi akamwita hivyo. Likaganda.

Akakanyaga bomu la ardhini karibu na Aachen, Ujerumani. Alipokuwa akiuguza majeraha Uingereza aliandika mchezo wa muziki wa wanajeshi, No T.O. for Love. Aliporudi nyumbani alifanya kazi kidogo kwenye kiwanda cha uchapaji cha ukoo wao, na ndiko lilikotoka igizo lake la televisheni Printer's Measure la 1953. Mwaka huo huo, tarehe 24 Mei, NBC ikarusha Marty. Baada ya hapo hakushikika: filamu ya Marty 1955, Broadway kuanzia 1956 na Middle of the Night, The Tenth Man 1959, Gideon 1961, The Passion of Josef D. 1964. Halafu sinema tena. Alifariki kwa saratani tarehe 1 Agosti 1981, umri miaka 58, miezi michache tu baada ya Altered States kutoka.

#4 MtoroWaShule
Asante bi mkubwa. Ila Marty si ilianza Broadway? Halafu hilo la "pekee", Woody Allen naye anazo tatu za skripti, na Billy Wilder pia. KalamuKavu anatupiga.

#5 Fundi_Skripti
MtoroWaShule #4, jina lako limekuumbua.

Soma tena: "peke yake kwenye karatasi". Allen anazo tatu kweli, lakini Annie Hall aliandika na Marshall Brickman. Wilder zake tatu zote ana mwenzake: Charles Brackett kwenye The Lost Weekend, Brackett na D.M. Marshman kwenye Sunset Boulevard, I.A.L. Diamond kwenye The Apartment. Coppola zake tatu pia zina wenza. Dai la #1 limesimama.

Na Marty haikuanza Broadway. Ilikuwa igizo la televisheni la moja kwa moja kwenye Philco-Goodyear Television Playhouse, Rod Steiger na Nancy Marchand, mwongozaji Delbert Mann, prodyuza Fred Coe. Iliyopita televisheni ikapanda jukwaani na kuishia sinema ni Middle of the Night: televisheni 1954, Broadway 1956 na Edward G. Robinson, filamu 1959 na Fredric March.

Nikae kidogo kwenye hiyo televisheni ya moja kwa moja, kwa sababu ndiyo iliyomfunza kazi. Saa nzima ya kipindi, ukitoa matangazo ya mdhamini unabaki na dakika 50 na kitu. Matangazo yanakata mara mbili, kwa hiyo igizo lina sehemu tatu, na kila sehemu lazima iishie mahali ambapo mtazamaji hatabadili stesheni. Hakuna kurudia. Kamera chache ndani ya studio moja, mazingira manne au matano yamebanana. Kama mhusika yuko jikoni mwishoni mwa sini ya 3 na baa mwanzoni mwa sini ya 4, mwandishi anatakiwa ampe muda wa kukimbia kutoka seti moja hadi nyingine. Njia ya kawaida: unaifungua sini ya 4 kwa watu wengine wawili wanaongea sekunde 20 au 30, yule anatokea akiwa amevuta pumzi. Ukisahau hilo, kamera inakuonyesha mtu anahema kama ametoka kufukuzwa.

Ndiyo maana maigizo yake yamejaa watu wawili mezani. Studio ilimbana. Mandhari kubwa hupati, mwendo hupati, unabaki na uso na sauti. Na mwandishi yupo mazoezini tangu kusoma kwa mara ya kwanza, saa mkononi, anakata mistari igizo lisizidi muda.

#6 Jukwaa_la_Kale
Fundi amegusa penyewe bila kujua. Simuungi mkono KalamuKavu kwamba mkataba ulikuwa mbovu. Tatizo ni kwamba Chayefsky alitaka desturi za jukwaa ndani ya sinema.

Marekani mwandishi wa tamthilia anabaki na hakimiliki. Mikataba inayosimamiwa na Dramatists Guild, chama cha waandishi wa tamthilia, inampa sauti kuhusu mwongozaji, waigizaji na wasanifu wa jukwaa, na neno halibadiliki bila yeye kukubali. Prodyuza anakodi tu haki ya kuonyesha. Kwenye sinema mambo yamepinduka: skripti inahesabika kazi ya kuajiriwa, studio ndiyo "mwandishi" mbele ya sheria, na wewe unabaki na malipo, jina lako kwenye filamu na yale ambayo Writers Guild, chama cha waandishi wa skripti, imekupigania.

Sasa chukua mtu aliyekaa Broadway na Tyrone Guthrie akiongoza kazi zake. The Tenth Man ilichezwa mara 623, Gideon mara 236. Mtu huyo amezoea mwongozaji anamgeukia kumuuliza. Mpeleke kwa Ken Russell.

#7 NaniKasema
Jukwaa_la_Kale, umeruka moja makusudi. The Passion of Josef D., 1964, ya Stalin na Lenin. Pale hakukuwa na Russell. Mwandishi Chayefsky, mwongozaji Chayefsky, Peter Falk akicheza Stalin. Ilichezwa mara 15 ikafungwa.

Kwa hiyo habari ya "wangemwachia mwenyewe ingenyooka" tumeshaiona. Waliwahi kumwachia.

#8 Jukwaa_la_Kale
Mara 15 za Broadway hazithibitishi kitu. Umma wa New York wa 1964 ungemvumilia Stalin anayeimba?

#9 NaniKasema
Kumbe sasa kosa ni la watazamaji. Sawa.

#10 Taa_Nyekundu
Ongezeni hili kwenye mizani. Network ilikwenda vizuri kwa nini? Mwandishi yule yule, prodyuza yule yule Howard Gottfried, ukali ule ule, na alikuwepo lokesheni karibu kila siku. Tofauti ni mwongozaji, Sidney Lumet. Lumet ametokea televisheni ya moja kwa moja ya CBS, anafanya mazoezi ya wiki mbili na waigizaji wote kabla ya kamera kuwaka, kama tamthilia. Katika hizo wiki mbili ugomvi wa maneno unamalizika mezani. Ukifika lokesheni umebaki mwanga na lenzi tu.

Na Lumet alijua lini amsikilize na lini asimsikilize. Amesimulia kwenye kitabu chake Making Movies kwamba kwenye vichekesho alimfuata Chayefsky. Ila ilipofika sini ya William Holden kumwambia mkewe kwamba ana mwanamke mwingine, Chayefsky alimsogelea na maoni, naye akamzuia, akamwambia kuhusu talaka yeye anajua zaidi. Beatrice Straight aliyecheza huyo mke ana dakika kama tano tu kwenye filamu nzima, akapata Oscar.

Altered States haikuwa na meza ya namna hiyo. Huo ndio upungufu, hayo ya mkataba ni baadaye.

#11 KalamuKavu
Taa_Nyekundu #10, nadharia nzuri, ina tundu moja kubwa. Mwongozaji wa kwanza wa Altered States hakuwa Russell. Alikuwa Arthur Penn. Na Penn ametokea wapi? Televisheni ya moja kwa moja, Philco hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa meza kama Lumet. Akagombana na Chayefsky, akaondoka kabla ya kupiga picha. Ndipo Russell akaletwa.

Kama dawa ilikuwa mwongozaji wa malezi yale, Penn angetosha.

#12 Taa_Nyekundu
Hapo umenibana. Lakini Penn wa 1978 ni Penn wa Bonnie and Clyde na Little Big Man. Alishazoea kuitwa mwenye filamu.

#13 Mpemba_Msomaji
Nyote mnaongelea sinema, hakuna anayeongelea riwaya. Mimi naona gonjwa liko kwenye riwaya.

Ilianzaje? Chakula cha mchana cha 1975 na rafiki zake Bob Fosse na Herb Gardner, wakitaniana kuhusu kuandika hadithi ya kutisha ya kisasa, kitu cha ukoo wa Jekyll na Hyde. Akalichukulia kwa uzito. Akasoma utafiti wa John C. Lilly wa kujifungia kwenye tangi la maji ya chumvi, giza na kimya, hadi akili ianze kuona vitu. Akaingia kwenye maandiko ya tiba ya akili, chembe za urithi na anthropolojia. Kwanza akaandika andiko refu la filamu, kisha akashauriwa aligeuze riwaya kabla ya skripti.

Matokeo yake riwaya ina msimulizi mwenye pumzi ya kueleza. Anaweza kusimama ukurasa mzima kueleza kinachotokea ubongoni mwa Jessup, yule mwanasayansi mhusika mkuu anayejifanyia majaribio. Ukiipeleka kwenye skripti msimulizi anakufa, na maelezo yote yanahamia midomoni mwa wahusika. Kwa hiyo una profesa anayemwambia mkewe, naye profesa, mambo ambayo wote wawili wanayajua. Ugonjwa huo kila mwandishi wa skripti anaujua: wahusika wanaelezana kwa faida ya mtazamaji.

Russell aliona hivyo akachagua kasi. Wanasayansi wanapoongea wao kwa wao hawasubiriani, wanakatana maneno. Mtazamaji hashiki istilahi, anashika kwamba hawa watu wana homa ya wazo. Mimi nikiangalia sini za mwanzo za William Hurt na Blair Brown, naona Russell aliiokoa skripti.

#14 KalamuKavu
Aliiokoa? Mpemba, unanitafuta.

#15 Mpemba_Msomaji
Nakutafuta kwa hoja. Washa ile sini ya mezani, zima sauti. Halafu washa sauti, fumba macho. Uniambie ipi inabeba.

#16 Fundi_Skripti
Acheni nieleze kasi kwa hesabu, maana mnaitaja kama uchawi.

Kanuni ya studio: ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa sawa, herufi za Courier ukubwa wa 12, ni kama dakika moja ya filamu. Ni wastani tu. Ukurasa wa mapigano unaweza kula dakika tatu. Ukurasa wa maongezi matupu, watu wakikatana maneno, unaisha kwa sekunde 40. Chukua hotuba ya maneno 300. Mwigizaji akisema maneno 150 kwa dakika, ni dakika mbili. Akienda 200, ni dakika moja na nusu. Hajabadili neno, amekula robo ya muda. Fanya hivyo kwenye skripti nzima iliyojaa hotuba uone filamu inavyokuwa nyingine.

Hotuba ya Chayefsky inajengwa ipae. Angalia ile maarufu ya mtangazaji wa televisheni Howard Beale kwenye Network, Peter Finch anayemcheza amelowa mvua. Inaanza na vitu vya jikoni: kazi hakuna, bei zimepanda, benki zinafilisika, majambazi mitaani. Sentensi fupi, kila moja ina kitu cha kushika. Katikati anakubali kwamba hana dawa. Hapo ndipo mwigizaji anatakiwa apunguze mwendo, la sivyo kilele hakina pa kupandia. Kisha ombi, ni moja tu na ni la mwilini: inukeni, fungueni dirisha, pigeni kelele. Baada ya hapo anarudia sentensi ile ile mpaka mtaa mzima unaipokea.

Ukiikimbiza tangu mstari wa kwanza, hapo katikati panapotea na ombi linakuwa kelele juu ya kelele. Chayefsky alichokuwa anakipigania ni pumzi kati ya sentensi, na pumzi haiandikwi kwenye karatasi.

Nyongeza kwa wapenda mambo ya utengenezaji: Finch alikuwa na afya dhaifu, na Lumet akaweza kuipiga hotuba hiyo mara mbili tu. Mara ya pili ilikatika katikati kwa kuchoka. Kilichomo kwenye filamu ni mwanzo wa mara ya pili ukaunganishwa na mwisho wa mara ya kwanza. Finch alifariki 14 Januari 1977, Oscar yake ikapokelewa na mjane wake Eletha baada ya Chayefsky kumwita apande jukwaani.

#17 Chogo
Fundi ameandika tasnifu. Swali la pembeni: hiyo Network si ilitokana na yule mtangazaji wa Florida aliyejiua hewani? Kila mahali naona hivyo.

#18 BiTungo
Chogo, hapo watu wanakwenda haraka mno. Christine Chubbuck alifariki Julai 1974 huko Sarasota. Chayefsky alishakuwa na wazo la mtangazaji anayeharibikiwa hewani kabla ya tukio hilo, kama alivyoonyesha Dave Itzkoff kwenye kitabu chake cha 2014 kuhusu Network. Wakati huo huo, kuna rasimu yenye mstari unaomgusia "yule msichana wa Florida", ambao filamuni haumo. Kwa hiyo chanzo siyo, lakini tukio alilijua na lilipita kwenye karatasi yake.

Wengine wanasema chanzo ni hasira yake kwa televisheni iliyoua michezo ya moja kwa moja iliyomlea. Wengine wanasema ni Vietnam na Watergate. Yeye mwenyewe alikwenda kukaa kwenye vyumba vya habari vya mitandao mikubwa ya televisheni, akaangalia mikutano ya ratiba na jinsi takwimu za watazamaji zinavyosomwa. Ndiyo maana mikutano ya wakubwa kwenye Network haina harufu ya kubuni: wanaongea asilimia na bajeti huku mtu anaungua mbele yao.

#19 MtoroWaShule
Na ile ya kwamba Marty ilitengenezwa makusudi ipate hasara, kampuni ya Burt Lancaster ikwepe kodi, nayo mtaipinga?

#20 Taa_Nyekundu
Hiyo ni hadithi ya Hollywood inayosimuliwa sana kuliko inavyothibitishwa. Kinachojulikana: Hecht-Lancaster, kampuni hiyo unayoitaja, waliitengeneza kwa dola kama 343,000, bei ya chini hata kwa wakati ule, na inatajwa mara nyingi kwamba kampeni ya Oscar ilikula zaidi ya filamu yenyewe. Ikachukua Oscar nne: filamu bora, mwongozaji Mann, mwigizaji Ernest Borgnine, na skripti. Na Cannes ya 1955 ikachukua Palme d'Or, mwaka wa kwanza tuzo hiyo kuitwa hivyo.

Kwenye mada yetu kuna jambo kubwa zaidi ya kodi. Chayefsky alikubali kuuza Marty kwa masharti: Delbert Mann aongoze ingawa hajawahi kuongoza filamu, yeye mwenyewe aandike, na awe na sauti ndani. Hata mwigizaji Betsy Blair, aliyekuwa anasumbuliwa na orodha za wanaoshukiwa ukomunisti, alimkingia kifua. Rod Steiger alikosa nafasi kwa sababu hakutaka kujifunga mkataba wa filamu kadhaa.

Kwa hiyo aliyejifunza kujikinga 1955 hakushindwa 1980 kwa kutojua mikataba. KalamuKavu, hilo linakula dai lako.

#21 KalamuKavu
Linalilisha, mkuu. Mwaka 1955 alilinda MTU, yaani mwongozaji. Mwaka 1980 alilinda MANENO. Ndiyo ninachosema tangu #1.

#22 Dada_Rasimu
Nimewasoma kimya kimya. Nitoe upande wa mkataba maana mnautaja kwa jumla.

Ulinzi wa mwandishi wa skripti unaweza kuwa wa ngazi nyingi na kila ngazi ina bei yake. Maongezi yasibadilike: rahisi kuandika, rahisi kukwepa, kwa sababu mhariri anaweza kukata sini nzima au kuiweka chini ya muziki, na hajabadili neno. Kukubali mwongozaji: ina nguvu kabla ya kusaini tu, akishasaini una mgeni ndani. Kuhudhuria mazoezi na lokesheni: inakupa macho, haikupi mkono. Kuangalia picha zilizopigwa kila siku: unaona kosa likiwa limeshafanyika, na siku ya studio imeshalipwa. Mwisho kabisa ni mamlaka juu ya uhariri wa mwisho, ambayo hata waongozaji wengi hawanayo.

Chayefsky alikuwa na nguvu ya kuomba karibu zote isipokuwa hiyo ya mwisho. Na kifungu cha "maneno yasibadilike" kina mtego: kikishaandikwa, mwongozaji anaacha kukuuliza. Hana cha kujadiliana nawe. Ungekuwa humo ndani unakata mistari naye, mngekuwa mnaongea kila siku.

Kuhusu jina, alilofanya ni haki inayotambuliwa na Writers Guild kwa masharti, yaani kutumia jina la kubuni. Waongozaji walikuwa na jina moja la pamoja, Alan Smithee, mpaka 2000. Waandishi kila mmoja anajichagulia. Mwandishi Robert Towne alipochukizwa na filamu ya Greystoke ya 1984 aliweka P.H. Vazak. Huyo Vazak alikuwa mbwa wake. Na skripti ikateuliwa kuwania Oscar.

#23 Chogo
Mbwa ana uteuzi wa Oscar. Humu kuna watu wana skripti 11 kwenye flashi na hawajapata hata barua ya kukataliwa.

#24 NaniKasema
😂 Chogo, wengine tunakusoma, usituumize.

Ila hapo kwenye jina, BiTungo alisema tutaparudia. Sidney Aaron ni majina yake. Mtu anayekana kazi kabisa angeweka jina la mbwa. Yeye kaweka la kwake alilopewa na wazazi, kaondoa lile alilojijengea. Mimi nasoma hapo kwamba hakuikana skripti. Aliikana filamu, skripti akaisaini.

#25 Jukwaa_la_Kale
Au ni mtu wa sheria aliyemwambia chagua upesi. Tusimpambe.

#26 Mpemba_Msomaji
Na afya hamjaigusa. Alipata mshtuko wa moyo 1977 akiwa katikati ya riwaya hiyo. Mtu mwenye moyo mbovu, aliyezoea kukaa lokesheni mwezi baada ya mwezi akibishana, safari hii anaondoka mapema anarudi New York. Kwenye Network mabishano yake yalisaidia kwa sababu alikuwepo kuyamaliza. Kwenye Altered States aliyaanzisha, kuhusu rangi za seti, kuhusu namna waigizaji wanavyocheza ulevi, kisha hayupo tena. Russell akabaki na uwanja.

#27 Taa_Nyekundu
Afya sawa, lakini hasira ilikuwepo siku zote. Aprili 1978 alipanda jukwaa la Oscar kutoa tuzo za uandishi, na kabla ya kusoma majina akamkaripia mwigizaji Vanessa Redgrave kwa hotuba yake ya kisiasa ya usiku ule ule. Televisheni nzima inaangalia. Huyo ndiye mtu aliyekuwa anakutana na Penn na Russell.

#28 KalamuKavu
Hasira ile ile iliandika The Hospital. Ukiitoa unabaki na nini?

Tumehesabu: mkataba, desturi za jukwaa, mwongozaji asiye wa meza, riwaya yenye msimulizi, moyo, hasira. Mimi bado niko kwenye mkataba, ila Dada_Rasimu #22 ameniwekea jiwe kwenye kiatu na ule mtego wake wa kifungu.

#29 Dada_Rasimu
Livue utembee. Kwa anayetaka kutumia hili kwa kazi yake: badala ya kifungu cha maneno yote, taja sini tatu au nne zinazobeba hadithi, uandike kwamba zitasomwa mezani mbele yako na mwongozaji kabla ya kupigwa, na saa iwepo. Prodyuza hukubali hilo kwa sababu halimgharimu kitu. Na kasi yako iandike ndani ya maongezi: sentensi fupi, kituo, mtu kuulizwa swali na kukaa kimya. Usitegemee mabano yenye "kwa utulivu". Waigizaji wengi hufuta mabano kwa kalamu siku ya kwanza.

#30 MtoroWaShule
Nashukuru. Sasa mtu asiyejua chochote aanzie wapi kumsoma?

#31 BiTungo
Anza na Television Plays, kitabu cha 1955, kwa sababu kila igizo limefuatiwa na maelezo yake mwenyewe jinsi alivyolijenga na wapi lilimshinda. Kisha mkusanyo wa skripti zake uliotolewa na Applause miaka ya 1990, usome Network huku filamu inacheza, uone Lumet alikata wapi. The Tenth Man baadaye, inataka ujue kidogo kuhusu sala ya Kiyahudi inayohitaji wanaume kumi. Riwaya iweke mwisho, na filamu yake baada ya riwaya.

#32 Fundi_Skripti
Usiruke The Hospital. Zile dakika za mwanzo, msimulizi anayeeleza jinsi mgonjwa alivyouawa na uzembe wa zamu moja baada ya nyingine, ni sauti ya Chayefsky mwenyewe. Pima saa utajua alitaka maneno yake yaende kwa mwendo gani.

#33 Mpemba_Msomaji
Nimepima. Anakwenda haraka.

#34 KalamuKavu
Mpemba, nenda kalale.